Rangi ya kula moshi tunaitaka, masega tunayauza kwa kilo

Mwaka jana kwenye ile baridi ya mwezi wa saba gari yangu ilianza kuzubaa. Ni Noah ya siku nyingi, haijawahi kunisumbua, ila ikikuta mwinuko tu inakosa nguvu kabisa, unakanyaga mafuta injini inalia gari haiendi, vifodi, zile daladala za huku, vimejaa watu vinakupita unabaki kuona aibu. Nikaipeleka gereji moja huku Unga Limited, Arusha. Fundi akaingia chini na tochi ya simu, akagonga ekzosi na spana mara mbili, akatoka anafuta mikono kwenye suruali.

"Mzee, masega yameziba. Tuyatoe gari ipumue."

Kwa asiyejua, masega ni lile dude lililovimba kwenye bomba la moshi karibu na injini, ukilipasua ndani unakuta jiwe la kijivu lenye vitundu vidogo vidogo mamia kwa mamia, kama sega la nyuki kweli. Akakata na grenda, akachomelea kipande cha bomba tupu, na kabla sijatoa hela mfukoni akafika chalii mmoja na pikipiki ana mzani wa kuning'iniza kwenye mkoba. Akaliinua lile jiwe juani akachungulia vitundu, akalipima, wakanong'ona na fundi, hela ikatoka. Nikapunguziwa bili. Taa ya cheki injini ikawa inawaka, fundi akasema hiyo inazimwa, akaenda akaweka kitu kwenye sensa ikazimika. Gari ikapanda mlima kama mpya, nikarudi nyumbani nimefurahi kama nimeokota hela.

Sasa wiki kama mbili baadae kwenye grupu letu la familia mtu akarusha video ya rangi inayokula moshi. Unapaka ukuta, jua likipiga, ukuta unasafisha hewa. Watu wakafurahi, mmoja akaandika serikali ipake stendi na soko la Kilombero lote, mwingine akasema wazungu wako mbali sana sisi tumebaki kupiga kelele za Simba na Yanga, na mimi nikaweka dole gumba. Mimi mwenye bomba tupu chini ya gari. Nilikuja kushtuka baadae sana kwamba kile kitu kwenye video na kile nilichokiuza ni ndugu wa tumbo moja, vyote ni vichocheo, yaani vitu vinavyofanya moshi ugeuke kuwa kitu kingine vyenyewe visiishe. Na kati ya hivyo viwili, kinachofanya kazi kweli kweli kwenye hewa ya barabarani ndio nilikigawa.

Ngoja nielezee hii ya rangi kwanza maana sio utapeli, sayansi yake ni safi. Inaitwa fotokatalisisi. Unga unaotumika sana ni wa titani dioksidi, ule mweupe ambao upo kwenye rangi za kawaida na kwenye dawa za meno nyingi. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda, walichapisha matokeo kwamba wakiweka kipande cha titani dioksidi kilichounganishwa na platini kwenye maji na kukipiga mwanga wenye nguvu ya kutosha maji yanapasuka yanakuwa oksijeni na haidrojeni. Mwanga tu. Watu wakaanza kujiuliza kama unaweza kupasua maji unashindwaje kupasua uchafu.

Unavyofanya ni hivi, chembe ya unga ikipigwa na mwanga inarusha elektroni, pale ilipotoka elektroni pakabaki pengo, na hilo pengo lina njaa mbaya, linanyang'anya elektroni kwenye unyevu uliopo juu ya ukuta na kuzaa kitu kinaitwa haidroksili ambacho kinang'ata karibu kila kinachosogea. Elektroni iliyorushwa nayo inakamata oksijeni inaifanya kuwa kali vile vile. Hawa wawili wakikutana na ile gesi ya naitrojeni oksaidi kutoka kwenye ekzosi wanaigeuza hatua kwa hatua mpaka inakuwa naitreti, na naitreti inabaki juu ya ukuta kama chumvi ikisubiri mvua iioshe. Kwenye ukuta wa saruji inakutana na chokaa inakuwa kalsiamu naitreti, wakulima wa huku wanaotumia mbolea ya CAN wanaijua familia hiyo. Kwaiyo ukuta unatengeneza mbolea kidogo sana kutoka kwenye moshi wa vifodi. Hiyo picha naipenda mpaka leo.

Na tena ushakutana na hii kitu bila kujua. Egemea ukuta wa nyumba ya zamani iliyopakwa rangi nyeupe ya bei rahisi, koti linatoka na unga kama umetoka kufuta ubao. Sehemu ya sababu ni huyo huyo titani, jua linampiga anaitafuna gundi ya rangi kutoka ndani, rangi inageuka chaki. Viwanda vya rangi vilihangaika miaka na miaka kumtuliza, wakawa wanazivisha chembe zake koti la vitu vingine ili alale. Halafu wakaja wengine wanataka aamke. Ndio maana rangi ya kula moshi haiwezi kuwa rangi yoyote tu, ikiwa na gundi ya kawaida itajila yenyewe kwanza.

Mpwa wangu anasoma mambo ya kemia, nikamuuliza, jumamosi akaja kwangu Sakina na chupa nne za kioo na dawa ya bluu ya maabara, tone moja tu maji yanakuwa kama wino. Akazipanga juu ya bati la banda la kuku. Chupa moja ina bluu na unga mweupe iko juani, ya pili ina bluu na unga ila kaifunika na mfuko mweusi, ya tatu bluu tupu juani, ya nne bluu tupu gizani. Nikamuuliza mbona nyingi hivyo si ungeleta moja tu tuone. Akasema, "Anko, bluu hii jua peke yake linaipausha. Ukileta moja unajidanganya." Nilimheshimu pale pale. Tukanywa chai, tukaangalia mpira kidogo, tuliporudi ile ya unga na jua ilikuwa imebaki kama maji yaliyooshea mchele, weupe wa unga tu. Ya bluu tupu juani ilikuwa imefifia kidogo, za gizani zipo vile vile. Mama watoto akauliza kama inaweza kutoa madoa kwenye mashati ya shule.

Na sisi jua tunalo, hapo hatuna mpinzani. Tuko kama nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, Arusha iko juu kama mita 1,400 hivi, mionzi ya urujuanimno inashuka ya kutosha. Maana shida moja ya titani ni kwamba anachagua mwanga, anataka wenye mawimbi mafupi, chini ya nanomita 388 hivi, na huo ni kama asilimia 5 tu ya jua lote linalotufikia, unaobaki wote anauangalia tu. Watafiti wamehangaika na hilo, 2001 Wajapani wakamchanganyia naitrojeni ili ale na mwanga wa kuonekana, 2009 ikaja nyingine ya kaboni naitraidi ambayo siku hizi watu wanaipika hata kutoka urea, urea hii hii ya duka la pembejeo, unaichoma kwenye tanuru nyuzi kama 550 unapata unga wa njano. Mpwa wangu akifika hapo macho yanawaka, anaona kiwanda kabisa.

Ila sasa tuje kwenye lile ambalo video hazisemi. Kipimo rasmi cha kimataifa cha hivi vitu kinafanyika hivi, unachukua kibao kidogo cha sentimita 5 kwa 10, unakiweka kwenye kisanduku, unapitisha hewa yenye gesi juu yake kwenye uwazi wa milimita 5. Milimita tano! Unene wa karatasi kama hamsini tu zikipangwa. Gesi haina pa kwenda, lazima ipite inagusa kibao, na imetiwa nyingi kuliko unayoikuta barabarani kwa kawaida. Hapo lazima upate matokeo mazuri. Halafu mtu anachukua namba ya kwenye kisanduku anaipeleka mjini, wakati mjini hewa ina mita na mita kutoka ukuta huu mpaka ule, juu haina paa, na upepo wa Meru unaichukua kabla haijagusa chochote. Moshi wa kifodi unakupiga wewe puani ukiwa unavuka barabara, ukuta uko kule.

Na wameshajaribu, tena sio watu wa mchezo. Brussels kuna handaki la magari lililokuwa linaitwa Leopold II, mradi wa Ulaya ukafunika kuta kwa saruji ya aina hii wakafunga na taa za urujuanimno, wakapima kati ya 2011 na 2013. Handaki bana, moshi umefungiwa humo humo, sehemu nzuri kuliko zote. Wakakuta upungufu kama upo ni chini ya asilimia 2. Taa hazikutosha, unyevu ulikuwa mwingi, na ukuta wenyewe ulichafuka ukalala. Uingereza wataalamu wanaoishauri serikali kuhusu hewa walikaa 2016 wakapitia majaribio mengi wakasema ushahidi wa kusambaza hizi rangi mijini hautoshi. Lile kanisa maarufu la Rome la 2003, lenye kuta kama matanga ya jahazi, watu wanalitaja kila mara kama jengo linalokula moshi wakati saruji yake ilitengenezwa hasa ili jengo libaki jeupe. Kujisafisha lenyewe hilo ni kweli, na kuna vioo vya madirisha vinauzwa kwa kazi hiyo tangu 2001. Kusafisha Rome ni habari nyingine.

Kwetu huku ongeza vumbi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka vuli ije, ukuta wowote wa barabarani una rangi moja tu, ya udongo. Titani aliyefunikwa na vumbi ni unga tu kama unga mwingine. Utahitaji mtu wa kuosha kuta, na maji mnajua wenyewe yanavyotoka.

Alafu kuna hili ambalo mimi naona ndio kubwa kuliko yote, gesi sio ndio inayoua zaidi. Kinachoua zaidi ni zile chembe ndogo, PM2.5, masizi na ndugu zake, zinazopita puani mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2021 wakashusha kiwango mpaka maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Rangi ya titani kwa masizi haina ubavu, ikikutana nayo yenyewe ndio inafunikwa.

Na masizi mimi nayajua yanakaa wapi. Nyumbani Machame jiko la mama lina mafiga matatu na kuni za mkahawa, ukiinua kichwa kwenye dari yananing'inia kama nyuzi za buibui zilizochovywa lami, ndizi inapikwa, kitimoto cha sikukuu kinakaushwa, na mama anakohoa tangu mimi niko darasa la pili. Jiko la namna hiyo linafika maikrogramu mamia kwa mamia likiwaka. Humo hakuna jua, hamna cha fotokatalisisi wala nini. Tulimnunulia gesi, mtungi mdogo na plate mbili. Chai anapikia gesi. Makande anarudi kwenye kuni, anasema "mwanangu maharage yatamaliza mtungi wako nikose hata cha kuchemshia maji", na hesabu yake ni sahihi kabisa, sina la kumjibu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unasema ifikapo mwisho wake asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mimi nadhani kila shilingi ya hewa safi inayotafutiwa pa kwenda ianzie hapo, kwenye bei ya kujaza mtungi na kwenye makande.

Turudi kwenye masega. Lile jiwe ndani yake limepakwa platini, paladi na rodi, madini ghali, jumla gramu chache tu kwa gari, ndio maana chalii alikuja mbio na mzani. Likishapata moto wa nyuzi kama 250 au 300 hivi na injini iko sawa, linaondoa zaidi ya asilimia 90 ya kaboni monoksaidi, ya mafuta ambayo hayakuungua na ya ile naitrojeni oksaidi tuliyokuwa tunataka ukuta wa Kilombero uile. Asilimia 90 kwa asilimia 2 ya handaki! Na siri sio madini peke yake. Siri ni kwamba moshi hauna njia nyingine. Injini inausukuma, vitundu ni vyembamba, kila pumzi lazima isuguane na ukuta ndio itoke. Ni kile kisanduku cha milimita 5, ila kimefungwa chini ya gari kinatembea nacho.

Watu wa huku hii kanuni mbona tunaijua siku nyingi. Maji yetu yana floraidi, angalia meno ya watu waliokulia Ngurdoto na Maji ya Chai, kahawia. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi huku vinaipita mbali. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, wanatumia makaa ya mifupa ya ng'ombe, maji yanapita katikati ya makaa floraidi inabaki humo. Pale Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga akatengeneza kichungio cha maji cha nano, yaani cha chembe ndogo mno, kilichoshinda ile tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Waingereza ilipotolewa mara ya kwanza 2015. Vyote viwili, maji yanalazimishwa kupita. Hakuna aliyesema tupake nano kwenye kingo za mto tusubiri mto usafike.

Kwaiyo vijana wa maabara mimi siwaambii waache titani, waupeleke kwenye maji. Maji kwenye chupa ya plastiki angavu juani masaa 6 vijidudu vingi vinakufa hata bila unga wowote, weka na kichocheo ndani ya bomba ambalo maji yanapita taratibu hapo una kitu. Floraidi hautaipata kwa njia hiyo, hiyo waachie mifupa, lakini vijidudu na mabaki ya dawa za shamba za nyanya na maua, hapo jua letu lina kazi. Unga wenyewe ushikwe kwenye kioo au kokoto usizagae hewani, maana kuuvuta kwa pua wataalamu wa saratani wa WHO wameuweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Ndani ya chumba kilichofungwa chenye feni na taa yake nako kuna hoja, japo mashine mbovu ya kusafishia hewa inakata kazi katikati na kukutemea fomaldihaidi, ile dawa ya kuhifadhia maiti, unatoka kwenye harufu ya rangi unaingia kwenye harufu ya mochwari.

Ila hewa ya barabarani, nyie, kichocheo kilishafika. Kililetwa bure kutoka Japani kwenye tumbo la kila Noah na kila Ist. Tulishaondoa petroli yenye madini ya risasi kufikia 2006, na risasi ndio ilikuwa inaua masega, Afrika Mashariki ikashusha salfa ya dizeli mpaka sehemu 50 kwa milioni (50 ppm) mwaka 2015, yaani kazi ngumu ya kisera ilifanyika wengi hata hatukuiona. Kanuni za viwango vya hewa za 2007 zipo kwenye makaratasi. Mimi sijawahi kusimamishwa na trafiki akaangalia ekzosi, anaangalia bima, leseni, tairi, ananitakia safari njema. Na sisi wenye magari tunalipa fundi atoe.

Fundi naye simlaumu sana. Masega yanaziba kweli, ila mara nyingi yanaziba kwa sababu injini inakula oili au plagi moja haichomi, mafuta mabichi yanaenda kuungulia kwenye jiwe linayeyuka. Yangu nadhani ilikuwa oili, maana mpaka leo naongeza nusu lita kila mwezi. Kwaiyo ugonjwa ulibaki, tukauza pua.

Mwezi uliopita nikarudi gereji ile ile nikamwambia fundi nataka masega. Akacheka mpaka akakaa kwenye tairi, akaniuliza kama nimepata kazi ubalozini. Alafu akaona sicheki. Akasema mapya hajui nitayapata wapi, ya gari lililokatwa yapo ila niwe macho, mengi yanakuja ganda tupu, jiwe lilishatolewa likarudishiwa chuma. Akamtuma kijana stoo akaja na moja, nje zuri kabisa, halina kutu, lina namba zake. Laki moja na nusu. Fundi akalishika upande mmoja, akamulika tochi ya simu, akaniambia chungulia.

Nikachungulia. Nikamuona yeye mzima mzima, mpaka jino lake la dhahabu.